Kuhama kitandani kwenda kiti cha magurudumu baada ya kuumia uti wa mgongo: maswali na majibu

Mume wangu alianguka mnazi. Miguu haina nguvu, mikono ni mizima, na daktari ameruhusu akae. Nianzie wapi?

Anza na kiti, dada. Kiweke ubavuni mwa kitanda, mshazari kidogo, funga breki zote mbili, kisha kisukume uone kama kimeshika kweli. Toa egemeo la mkono la upande wa kitanda na ondoa sehemu za kuwekea miguu. Kitanda kikiwa kifupi kuliko kiti, kiinue kwa vipande vya mbao imara mpaka vilingane. Mfuko wa mkojo uhame kwanza, maana mpira wa mkojo ukinasa unaweza kumjeruhi ndani.

Sasa yeye asogee ukingoni, nyayo zikanyage sakafu. Mkono mmoja kitini, mwingine kitandani karibu na paja. Ainame mbele, kichwa kielekee upande ambao makalio hayaendi: makalio kulia, kichwa kushoto. Hapo makalio huwa mepesi. Wengi huogopa kuinama wakidhani wataanguka kifudifudi, kumbe akikaa wima ndipo hanyanyuki kabisa. Wewe kaa mbele yake, magoti yako yazuie yake.

Nimvute kwa makwapa?

Usithubutu. Mabega yake ndiyo miguu yake sasa. Mshike kiunoni, au mfunge mkanda mpana ushike huo. Naye asikuning'inie shingoni, utaumia mgongo.

Huwa tunamburuta kidogo tu, na hasikii maumivu. Kuna ubaya?

Upo, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote. Ngozi isiyo na hisia huchubuka bila mwenyewe kujua, na kidonda cha makalio huweza kuchukua miezi kupona, hata kufika mfupani. Anyanyuke, atue, anyanyuke tena; hatua tatu fupi ni salama kuliko mburuto mmoja. Mikono ikiwa bado dhaifu, tumia ubao imara uliopigwa msasa hadi ukawa laini, uwe daraja kati ya kitanda na kiti, na asiupitie bila nguo.

Kila jioni kagua makalio, kifupa cha mkia na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: tafuta weusi uliozidi, joto, au ugumu chini ya vidole vyako. Ukiviona, asilikalie eneo hilo mpaka ngozi irudi kawaida.

Kaka yangu aliumia shingo. Kiganja huinuka, vidole havishiki.

Akiegemea mkono, vidole vibaki vimekunjwa, visinyooshwe sakafuni wala kitandani. Kukaza kwa vidole hivyo ndiko kutakakomsaidia kushika kikombe anapoinua kiganja.

Akishakaa, macho humfifia.

Shinikizo la damu limeshuka. Mlaze, inua miguu, na siku nyingine akae kwa awamu. Lakini aliyeumia shingo au kifua cha juu akipata ghafla maumivu ya kichwa yanayogonga na jasho usoni, hiyo ni kinyume chake, shinikizo limepanda. Usimlaze. Mketishe wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au kuziba. Isipotulia mara moja, mpeleke hospitali bila kuchelewa.