Je, wajua? Kwa nini Mkristo wa Misri anaweza kuitwa Adel na mwanae akaitwa Bishoy

Wengi wetu tukisikia jina la Kiarabu tunamalizia hapo hapo kwamba huyo Mwislamu. Sasa fika Cairo, Beirut au Bethlehem ukutane na kina Adel, Samir, Nabil na Nadia kibao ambao wamebatizwa, wanafunga Kwaresima, na mababu zao walikuwa Wakristo kabla Uislamu haujafika huko. Nyumbani wanaongea Kiarabu na wanasali kwa Kiarabu, kwa hiyo mzazi akipata mtoto lazima aamue: jina liseme wazi dini ya mtoto, au likae kimya?

Tuwaangalie Wakopti wa Misri, maana hakuna jamii ya Wakristo kubwa kuliko wao kwenye nchi za Kiarabu. Wana majina ambayo ukiyasikia tu huna haja ya kuuliza: Girgis, Boutros, Bishoy, Shenouda, Mina (hili ni la kiume, la shahidi wao maarufu), na Demiana kwa wasichana. Mengine wanachangia na majirani zao Waislamu, Ibrahim, Yusuf, Maryam. Halafu kuna yale yasiyo na upande, kina Adel na Nabil, kama huku kwetu Rehema na Baraka ambao huwezi kujua Jumapili wako wapi mpaka uwaulize. Ila Muhammad, Ahmad au Mustafa hawaiti kabisa.

Kilichonishangaza mimi ni mapapa wao. Shenouda wa Tatu, aliyeongoza kanisa la Kikopti kuanzia 1971 hadi 2012, alizaliwa 1923 akaitwa Nazir Gayed, na Tawadros wa Pili aliyepo sasa alizaliwa 1952 akaitwa Wagih Sobhi, yaani hayo majina ya kitakatifu waliyapata ukubwani, kanisani huko. Na kwa Nazir naona haikutokea hivi hivi tu, maana mapinduzi ya 1919 ndo yalikuwa yamepita juzi tu, Waislamu na Wakopti waliandamana pamoja kumpinga Mwingereza wakibeba bendera yenye mwezi na msalaba, mzazi wa wakati ule alitaka mwanae awe Mmisri kwanza. Baadaye, siasa za dini ziliposhika kasi miaka ya sabini, wazazi wengi wakarudi kwa watakatifu kwa nguvu, wengine kwa kujivunia, wengine kwa nadhiri, mama kahangaika kupata mtoto kamwomba Mar Girgis (yaani Mtakatifu George), akijaliwa mtoto anakuwa Girgis, hakuna mjadala.

Na jina la kimya halifichi sana. Kitambulisho cha Misri kinaandika dini, na jina la mtu linafuatwa na la baba na la babu, kwa hiyo Adel akiwa na babu Boutros, anayesoma karatasi yake ya maombi ya kazi keshajua. Hili linaniuma kusema kweli, mtoto anabebeshwa hesabu hizi hata hajajua kutembea.

Iraq nako ilikuwa hivyo hivyo, Tariq Aziz aliyekuwa waziri wa Saddam alikuwa Mkristo wa Kikaldayo (moja ya makanisa ya kale ya Iraq), jina lake halikusema chochote.

Lebanoni hawana woga huo wa jina kutaja dini, Wakristo huko wana nguvu serikalini, tena Wafaransa waliitawala nchi kuanzia 1920 hadi 1943, ndo maana kuna kina Pierre, Michel na Georges wengi hivyo, na Charbel pia, kwa heshima ya mtawa wao aliyetangazwa mtakatifu 1977. Lakini hata huko usikariri, kuna Wakristo wanaoitwa Jihad! Jihad Azour, waziri wa fedha wa zamani, ni Mmaroni (Mkristo wa kanisa la Kikatoliki la huko Lebanoni), na mwaka 2023 alipigiwa kura bungeni kuwania urais, kiti ambacho kwa utaratibu wa Lebanoni anakaa Mmaroni tu.