Mahabusu si mfungwa, na mfungwa atarudi nyumbani

Hapa Dodoma gereza haliko mbali na maisha ya mji. Isanga iko ndani ya jiji, Msalato iko njia ya kwenda Kondoa, na karandinga la mahabusu hupita katikati ya bodaboda na daladala likielekea mahakamani. Tunaliona kila siku. Lakini mengi tunayoyasema vijiweni kuhusu waliomo humo si kweli, na uongo huo una gharama: unatufanya tukubali mambo ambayo tungeyakataa kama yangempata mtoto wetu.

"Waliomo wote ni wahalifu, waache wabanane"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Nafasi rasmi katika magereza ya Tanzania Bara ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ya watu karibu 30,000. Katika miaka ya 2010 idadi ya waliomo ilivuka 34,000, na karibu nusu yao walikuwa mahabusu, yaani watu ambao hakuna hakimu wala jaji aliyewatia hatiani. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Sasa mweke mtu huyo kwenye chumba kilichojaa, alale kwa zamu ya ubavu, halafu mwambie kwamba bado hajaadhibiwa.

Wanafikaje huko? Baadhi wanashtakiwa kwa makosa yasiyo na dhamana: mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, usafirishaji haramu wa binadamu na mengine. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kuwanyima dhamana kwa namna hiyo kunakiuka Katiba, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo mtu wa kesi ya mauaji kutoka Chamwino anapelekwa mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kumsikiliza. Kesi inatajwa, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Baada ya wiki mbili anapelekwa tena na kusikia maneno yaleyale. Inaweza kuchukua miaka kabla ya Mahakama Kuu kuanza kumsikiliza, na akishinda anatoka hana kazi, na watoto hawamtambui.

Wengine dhamana wanayo, ila hawana watu. Kijana aliyetoka Bahi au Mpwapwa kuja kufyatua matofali Nkuhungu anaambiwa alete wadhamini wawili wenye vitambulisho vya Taifa na barua za mtendaji wa mtaa. Mwenye nyumba aliyopanga hamjui vizuri, na ndugu wako mbali hawana nauli. Anarudi na karandinga, ingawa mahakama imeshasema anaweza kwenda nyumbani.

Hapa ndipo suala la kuwarekebisha wafungwa linapokwama. Mahabusu hajahukumiwa, kwa hiyo halazimiki kufanya kazi kama mfungwa, na ni vigumu kumpangia mafunzo wakati haijulikani atatoka kesho au mwakani. Lakini anakula, anaumwa, anahitaji pa kulala na askari wa kumsindikiza mahakamani. Askari anayesindikiza mahabusu asubuhi nzima hawezi kuwa karakana akifundisha kupiga randa. Bajeti ya kubadilisha watu inaishia kwenye kuwalinda na kuwalisha. Ndiyo maana naamini mlango wa kuingilia gerezani unahitaji kutazamwa kabla hatujalaumu kilichomo ndani. Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, iliangalia mnyororo mzima kuanzia polisi mpaka magerezani. Huko ndiko kwa kuanzia.

"Jela ni chuo, atatoka fundi"

Kuna ukweli kidogo ndani yake. Magereza wana shirika lao la uzalishaji mali. Karanga kule Moshi wanatengeneza viatu, Ruanda mjini Mbeya kuna mafunzo ya ufundi, na wapo wafungwa waliopimwa na kupata vyeti vya VETA. Kanda yetu ya kati kazi kubwa ni shamba na mifugo.

Ila kulima mahindi ya gereza siyo mafunzo. Mtu wa Kondoa alishika jembe kabla hajajua kusoma, na hahitaji kufungwa ili ajue kupalilia. Anachokosa ni cheti cha kuchomelea vyuma, mtaji wa mashine, na mtu wa kumpa kazi ya kwanza. Karakana ya watu thelathini haiwezi kuhudumia mia tatu, kwa hiyo wachache wanaingia na wengi wanakwenda shambani.

Halafu kuna hesabu ya muda. Aliyefungwa miezi sita kwa kuiba kuku hupunguziwa theluthi moja akiwa na tabia njema, na hivyo anakaa miezi minne. Katika miezi minne humfundishi mtu useremala. Anachojifunza anafundishwa na mkongwe anayelala pembeni yake, kwa sababu kutenganisha wapya na wazoefu kunahitaji vyumba, na vyumba vimejaa.

"Rais akitoa msamaha, msongamano unaisha"

Tarehe 9 Desemba 2017, hapa kwetu Uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini waliotoka siku ileile walikuwa 1,828. Waliobaki walipunguziwa muda. Na msamaha wa ibara ya 45 ya Katiba ni kwa aliyetiwa hatiani. Haumgusi mahabusu hata mmoja, na mahabusu ndio karibu nusu ya tatizo.

Kinachonisumbua zaidi ni ghafla yake. Mtu anaamka mfungwa, jioni yuko stendi. Nyumbani hakuna aliyeandaliwa: mke, mwenyekiti wa kijiji, wala yule aliyemkosea.

"Parole na kifungo cha nje ni kumwachia mhalifu"

Hapana. Parole ni kutoka gerezani kabla ya kifungo kuisha. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 inamhusu mfungwa wa muda mrefu ambaye ameshatumikia sehemu ya kifungo chake na ameonyesha mwenendo mzuri. Akitoka anabaki chini ya masharti na uangalizi, na akiyavunja anarudishwa ndani. Walio na hukumu ya kifo au kifungo cha maisha hawamo.

Kifungo cha nje kiko kwenye Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, inayowahusu wenye vifungo visivyozidi miaka mitatu. Badala ya kwenda gerezani, mtu anafanya kazi bila malipo kwenye shule, zahanati au barabara ya umma, akisimamiwa na ofisa wa uangalizi, na jioni analala kwake. Yule mwizi wa kuku angefagia zahanati ya kijiji mbele ya watu aliowaibia, na watoto wake wangeendelea kula. Kwangu hiyo ni adhabu inayoonekana zaidi kuliko miezi minne ya kufichwa Isanga. Sheria ina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na wengi wetu hatujawahi kuisikia.

"Isanga ni kwa vichaa"

Dodoma tunalichanganya hili kila siku. Kuna Gereza la Isanga, na kuna Taasisi ya Isanga iliyo chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, hospitali iliyoanza mwaka 1927. Taasisi ndiyo inayowapokea watuhumiwa wanaopelekwa na mahakama kupimwa akili, na wale ambao mahakama imeona walitenda tendo lile wakiwa wagonjwa wa akili. Hao ni wagonjwa, wanatibiwa.

Na wanapona. Dawa zinafanya kazi, mtu anatulia, anakumbuka, analia kwa aliyoyafanya. Kinachofuata ndicho kigumu: ndugu hawaji kumchukua. Wanaogopa, au kijiji kimesema asirudi, hasa kama aliyekufa alikuwa wa ukoo uleule. Ukimwita mtu huyo kichaa wa Isanga maisha yake yote, umempa ndugu yake sababu ya kutokuja.

"Akitoka atarudia tu, ndivyo alivyo"

Tazama anachokikuta. Shamba lake la zabibu au la alizeti limelimwa na mwingine misimu kadhaa, na mpaka umesogea. Laini ya simu ilishafungwa. Kitambulisho kimepotea. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri inatolewa kwa vikundi, na kikundi ndicho kinachoamua kumpokea mwanachama. Nani atakubali kudhaminiana na mtu wa jela? Kuku wa jirani akipotea, anaulizwa yeye kwanza. Akirudia kosa tunasema tulijua. Sisi wenyewe tumemfungia njia zote isipokuwa ile moja.

Anayetaka asirudie aanze kabla ya siku ya kutoka. Familia iende kumtembelea na kumweleza hali halisi ya nyumbani, hata kama ni mbaya, ili asiikute mlangoni. Mwenyekiti wa kitongoji aziite familia zote mbili, ya mfungwa na ya aliyekosewa, na aliyekosewa asikilizwe kwanza, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyemuuliza tangu siku ya hukumu. Mpaka wa shamba urudishwe mbele ya mashahidi. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri apewe jina na tarehe mapema. Na fundi mmoja wa mtaa, wa kuchomelea au wa useremala, akubali kumweka karibu kwa miezi mitatu ya mwanzo, amlipe kwa siku kama anavyowalipa vibarua wengine.