Vyura wa Kihansi: yanayosemwa na yaliyotokea

Ni Watanzania wachache ambao hawajawahi kusikia habari za vyura wa Kihansi. Wamezungumzwa bungeni, magazetini na vijiweni, na njiani wameongezewa mambo mengi yasiyo ya kweli. Inaniuma, kwa sababu kisa chao kinaeleza vizuri kabisa jinsi viumbe wanavyotoweka.

"Ndio vyura pekee duniani wanaozaa." Wanazaa kweli badala ya kutaga mayai, na kitoto hutoka kikiwa chura kamili, si kiluwiluwi. Lakini wana ndugu wanaozaa vilevile katika milima ya Udzungwa na Uluguru. Kisichopatikana kwingine ni chura huyu mwenyewe. Makazi yake yote yalikuwa takriban hekta 2 za majani, yakiloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye korongo la milima hiyohiyo ya Udzungwa. Watafiti walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme mtoni hapo ukiwa umeshaanza.

"Bwawa ndilo lililowaua, basi." Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa mno ya maji, karibu asilimia 90, iliacha korongo na kupita kwenye handaki. Manyunyu yakakatika, vyura wakapungua vibaya. Hilo halina ubishi. Ila watu husahau kilichofuata: yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji, majani yakalowa tena, na kufikia Juni 2003 vyura walikadiriwa kuwa takriban 20,000. Miezi michache baadaye wakaanguka ghafla, na mapema 2004 walikuwa wakionekana mmoja mmoja tu. Waliokufa walikutwa na ugonjwa wa kuvu wa ngozi uitwao kitridi, ambao umeangamiza vyura katika mabara mengi. Wapo pia watafiti walioshuku viuatilifu vya mashambani, vilivyoshuka na tope bwawa lilipofunguliwa kusafishwa. Mimi nasoma hivi: bwawa liliwabana kwenye kipande kidogo kinachotegemea mabomba, na pigo la pili lilipokuja hawakuwa na pa kukimbilia. Ndivyo inavyokwenda kwingi. Tathmini ya dunia ya mwaka 2023 ilikuta asilimia 41 ya aina za amfibia (vyura na jamaa zao) wamo hatarini, wakisukumwa na upotevu wa makazi, magonjwa na mabadiliko ya tabianchi kwa pamoja.

"Wamarekani walituibia." Vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 kwa makubaliano na serikali ya Tanzania. Hata huko nusura waishe. Kuna wakati walibaki chini ya 100, mpaka watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walipojua mwanga, chakula na unyevu wanaoutaka. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilitangaza mwaka 2009 kwamba wametoweka porini. Bila wale waliosafirishwa, leo tusingekuwa na chura hata mmoja wa kurudisha.

"Ni ama umeme ama chura." Mitambo inaendelea kuzalisha umeme, na sehemu ya maji huachwa ipite korongoni. Yote mawili yanawezekana, na yangekuwa rahisi zaidi kama viumbe wa korongo wangechunguzwa kikamilifu kabla ya ujenzi kuanza. Hapo ndipo ninapolaumu: kwenye mpangilio wa kazi. Nchi inahitaji umeme, na hakuna anayepaswa kuona aibu kusema hivyo.

"Wamesharudi, kazi imekwisha." Vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Hata hivyo kitridi hakikuondoka. Mabomba lazima yazibuliwe na kutengenezwa mwaka baada ya mwaka, kazi ambayo zamani mto uliifanya bure. Na maji yenyewe yanatoka juu, kwenye misitu na mashamba ya nyanda za Mufindi. Mkulima wa huko akilima hadi ukingoni mwa kijito au akimwaga dawa karibu na maji, anayeumia ni chura wa korongoni huku chini.