Je, wajua kwa nini kijiji cha Madhapar kimejaa benki?

Madhapar iko kilomita chache tu kutoka mji wa Bhuj, wilayani Kutch, magharibi kabisa mwa India. Kiserikali ni kijiji, ingawa wakazi wake ni makumi ya maelfu. Magazeti ya India yameandika kwamba kina benki zipatazo 17, zenye amana za rupia bilioni 50 hivi. Na Kutch ni nchi kame, mvua zake za kubahatisha. Pesa hizo zimetoka wapi?

Sehemu kubwa ya jibu inapitia Mombasa na Nairobi.

Kijiji kilianzishwa na Wamistri, jamii ya waashi na wachonga mawe, kisha wakaja Wapatel wa ukoo wa Leva, ambao kazi yao ilikuwa kilimo. Hadi leo kuna Junavas, upande wa kale, na Navavas, upande mpya. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Wengi walitoka Punjab, lakini mafundi wa Kutch nao walikuwamo. Baadaye Wapatel waliochoshwa na ukame wakafuata njia hiyo: mtu anaanza kwa kuchonga mawe, anakuwa mwashi, halafu mkandarasi au mwenye duka la hadiwea. Anayesimama vizuri anamwita ndugu yake. Baada ya uhuru, na hasa Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, wengi wa Afrika Mashariki walihamia Uingereza.

Lakini kwa nini akiba isibaki London? Mapenzi ya kwao yapo, ila hesabu nayo ipo. Riba ya benki za India kwa kawaida huwa juu kuliko ya Uingereza, na Mhindi anayeishi ng'ambo ana akaunti maalumu ambayo riba yake haitozwi kodi India, na pesa anaweza kuzitoa nje atakapo. Kwa hiyo amana hizo zisikudanganye ukadhani kila anayepita barabarani ni tajiri. Wenye pesa wengi wako mbali, na nyumba zao zinafunguliwa msimu wa harusi.

Mimi nikiulizwa sifa ya Madhapar, benki naziweka nyuma. Desemba 1971, India na Pakistan zikipigana, ndege za Pakistan zilishambulia kwa mabomu uwanja wa ndege za kivita wa Bhuj, njia ya kurukia ikaharibika. Wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, wakaitwa kuitengeneza. Walifanya kazi kwa saa 72. Kwanza waliifunika njia kwa kinyesi cha ng'ombe ili isionekane kutoka angani, na wenyewe walivaa sari za kijani. King'ora kikilia, wanakimbilia vichakani; kikinyamaza, wanarudi kwenye mawe na zege. Wengine walikuwa wameacha watoto wadogo kwa majirani.

Ndege zikaruka tena. Baadaye serikali iliwapa zawadi ya rupia 50,000, na badala ya kugawana, wakazitoa zijenge ukumbi wa kijiji.