Presha ya Mkononi Si Presha ya Ini

Mgonjwa mwingine wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, mzee wa Muheza, ameletwa kwetu hapa Tanga mjini akitapika damu. Alikuwa ameacha propranololi kwa sababu muuza dawa alimpima mkononi, akaona 118/74, akamwambia kwamba mwenye presha nzuri hivyo hana haja ya dawa ya presha. Maneno haya nimeyasikia mno, na subira ya kuyajibu mgonjwa mmoja mmoja imeniishia.

Dawa ile haikuandikwa kwa ajili ya mkono, bali kushusha presha ya vena ya porta. Vena hiyo ni mshipa mkubwa unaopeleka kwenye ini damu inayotoka utumboni na kwenye wengu. Ini likijaa makovu, damu hukosa njia, presha ya vena hiyo hupanda, na damu hutafuta vichochoro, zikiwemo vena za umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ambazo huvimba hata zikapasuka.

Wenzangu nao huniudhi wanaposoma kipenyo cha vena ya porta kwenye ultrasaundi kana kwamba ni presha. Milimita 14 ni upana tu, na vena inaweza kuwa ya kawaida ilhali presha iko juu, kwa kuwa damu imeshapata vichochoro vyake. Kipimo chenyewe cha presha hufanywa kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa shingoni hadi kwenye vena ya ini, wala si ya porta: husomwa kwanza vena ikiwa wazi, kisha puto hujazwa kuiziba na husomwa tena. Jibu ni tofauti ya namba hizo mbili, kwa sababu maji yaliyojaa tumboni huzipandisha zote mbili, na kutoa moja kwenye nyingine huondoa udanganyifu huo. Kawaida ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Kuanzia 10 vena za umio huweza kuota, kuanzia 12 huweza kupasuka. Matibabu yakiishusha chini ya 12, au walau kwa asilimia 20, hatari ya kutoka damu hupungua sana.

Hata hivyo, katika kichocho cha tumbo mayai ya minyoo huziba matawi madogo ya porta mle mle ndani ya ini, kabla damu haijafika kwenye vijishipa vyake vyembamba kabisa, hivyo tofauti hiyo huweza kukaribia kawaida huku umio umejaa vena nene.

Sisi tusio na katheta hiyo huongeza dozi ya propranololi, ambayo pia hupunguza mapigo ya moyo, hadi mapigo ya moyo yafike 55 hadi 60 kwa dakika. Nakiri kwamba mapigo kushuka hakuthibitishi kuwa presha ya porta imeshuka, na wapo ninaowatibu kwa kukisia. Kuzifunga vena kwa pete za mpira kupitia endoskopi, mrija wenye kamera, huzuia damu kutoka, lakini presha hubaki pale pale, ndiyo maana vidonge huendelea.

Mashine ya mkononi ina kazi moja hapa: namba ya juu ikishuka chini ya 90, dozi hupunguzwa au husimamishwa, na anayeamua ni daktari wa kliniki, si muuza dawa.