Diplome si nyota za begani

Huku Lubumbashi, kijana akimaliza UNILU, chuo kikuu chetu, na kukaa miezi bila kazi, hakosi mjomba wa kumwambia: "Peleka diplome (shahada) yako jeshini, wewe utaingia ofisa moja kwa moja." Nimeyasikia Katuba, nimeyasikia Kenya (komini yetu, si nchi).

Si kweli. Diplome inakuruhusu kuomba tu. FARDC, jeshi la Kongo yetu, ina makundi matatu: askari wa kawaida, maofisa wadogo na maofisa. Kuingia kundi la tatu kuna mafunzo yake, na chuo chake kinachojulikana kiko Kananga. Huko mafunzoni mwanasheria na mhandisi wote wanaanza chini, wakiamriwa na watu ambao huenda hawakusoma kama wao. Hilo ndilo linalowashinda wengi, kuliko mbio za mazoezi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 189, inataja elimu ya kutosha, lakini pamoja na uwezo wa mwili, tabia njema na uwakilishi wa haki wa majimbo. Tena kuanzia meja kwenda juu, anayeteua ni Rais wa Jamhuri.

Nadhani wazo hili limetoka mbali. Julai 1960, baada ya askari wa Force Publique, jeshi la enzi ya ukoloni, kuasi, Mobutu (rais wa baadaye) aliyewahi kuwa sajini alifanywa kanali kwa mara moja. Maofisa walikuwa Wabelgiji, nafasi zikabaki wazi. Leo haziko wazi hivyo.

Basi mjomba akirudia, muulize yeye: nikitumwa vitani Rutshuru, kule mashariki, mwezi ujao, mama utamwambia wewe?