Mwashi wa mawe na mlalo wa jiwe

Wengi wakisikia neno mwashi humfikiria mpanga matofali. Uashi wa mawe una yake: tofali huja na vipimo vyake, jiwe unalitafutia vipimo mwenyewe. Wapo wanaopasua machimboni, wanaochonga na wanaojenga, ingawa kwenye kazi ndogo fundi mmoja hushika yote.

Kabla ya kushika patasi, ligonge jiwe kwa nyundo. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa. Liweke kando hilo, lisije likapasuka likiwa tayari limechongwa.

Kisha tafuta mlalo wake, yaani jinsi tabaka zake zilivyolala, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Mawe ya mchanga, na mengi ya chokaa, yalijijenga tabaka juu ya tabaka. Ukutani yalaze vilevile yalivyolala ardhini. Ukilisimamisha jiwe, tabaka zikatazama nje, maji hupenya kati yake na uso hubanduka ganda baada ya ganda. Mwanzoni huoni kitu. Ukuta mpya hupendeza tu. Kwenye tao mambo hubadilika: tabaka zielekee kitovu cha tao, ili uzito uzibane badala ya kuziachanisha. Itale (graniti) haina tabaka za namna hiyo.

Mota, mchanganyiko wa kuunganishia mawe, iwe dhaifu kuliko jiwe. Kwa jiwe laini, chokaa 1 kwa mchanga 3 yatosha. Kwa jiwe gumu zaidi, saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Anayezidisha saruji akidhani anaimarisha hufungia unyevu ndani ya jiwe, nao hutokea usoni na kulimomonyoa, huku mota ikibaki imesimama peke yake. Jiwe linalofyonza maji lilowanishe kwanza, la sivyo litainyonya mota kabla haijashika.

Ukuta wa nyuso mbili hauna nguvu bila mawe marefu ya kufunga, yanayopita unene wote au angalau theluthi mbili. Weka moja walau kila mita ya mraba. Yasipokuwepo, nyuso huachana na ukuta hutunga tumbo. Katikati jaza vipande vya mawe vilivyobanwa kwa mota, si udongo na vifusi. Kiungio cha wima kisikae juu ya kingine. Ufa hupanda humo moja kwa moja.

Mawe mazito usiyapandishe zaidi ya mita moja kwa siku. Mota mbichi hukamuliwa na uzito, na ukuta uliokuwa sawa na timazi asubuhi utakuwa umeinama jioni.